Kabla Hujajaza Fomu ya Chuo, Nenda Ukakitazame

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, steshenari za Morogoro hujaa. Kuanzia Msamvu hadi Mafiga, vijana na wazazi hupanga foleni mbele ya kompyuta moja, na mwenye duka anawajazia fomu za udahili kwa malipo kidogo. Anauliza namba ya mtihani, anauliza alama, kisha anauliza swali ambalo wengi wamefika pale bila jibu lake: "Unataka kozi gani?" Mteja akisita, na foleni ikianza kunung'unika nyuma yake, mwenye duka humchagulia. Anabonyeza, analipwa, anaita anayefuata. Miaka mitatu ya maisha ya kijana, au mitano, imeamuliwa na mtu asiyemjua.

Wengine hata pale steshenari hawafiki. Wako kambini JKT matokeo yanapotangazwa, na anayewajazia fomu ni kaka, shangazi au rafiki aliyebaki nyumbani. Kama una mtoto anayekwenda kambini, kaeni naye kabla hajaondoka. Muandike kwenye daftari kozi tano kwa mpangilio anaoutaka yeye, pamoja na vyuo vinavyozitoa, na daftari libaki kwa mtu mnayemwamini. Jioni moja inatosha kwa kazi hiyo.

Ninachotaka kuwaambia wazazi na vijana wa mkoa huu ni kwamba chagueni kozi kwanza, chuo kifuate, na chuo hicho mwende mkakitazame kwa macho kabla jina halijaingia kwenye mfumo. Sisi wa Morogoro tumerahisishiwa kazi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kiko chini ya Mlima Uluguru, na kampasi yake ya pili iko Mazimbu. Mjini hapahapa kuna Chuo Kikuu cha Waislamu, Jordan kule Kola, Chuo cha Ardhi, Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, chuo cha mifugo cha LITA, VETA ya Kihonda na chuo cha kuandaa walimu wa ufundi stadi. Ukishika barabara ya Iringa, kilomita ishirini na ushei, unafika Mzumbe. Kilosa kuna chuo cha kilimo cha Ilonga, na Ifakara kuna chuo cha afya cha Mtakatifu Fransisko. Mtu wa Bigwa au Kihonda anaweza kuvitembelea vingi kati ya hivi kwa nauli ya daladala na kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Hata wa Dar es Salaam, tangu treni ya SGR ilipoanza safari mwezi Juni 2024, anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni.

Anza na kazi. Ukiulizwa unataka kuwa nani, usitaje cheo, taja shughuli utakayokuwa ukiifanya Jumanne saa nne asubuhi. Anayesema anataka kuwa daktari wa mifugo na akajiona amekaa ofisini amevaa koti jeupe, aende SUA akamuulize mwanafunzi wa mwaka wa nne ni mara ngapi ameingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi kwapani. Anayesema upimaji wa ardhi awaone wanafunzi wa Chuo cha Ardhi wanavyobeba vifaa juani. Atakayerudi nyumbani macho yanang'aa, huyo amepata kozi yake. Atakayerudi kimya, mshukuruni Mungu amejua mapema.

Ukishaijua kazi, uliza ni nani anayetoa ruhusa ya kuifanya. Hapa ndipo vijana wengi hushtuka wakati shahada imeshakuwa mkononi. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Utapita kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo kule Dar es Salaam, na huko kuna ada na mitihani yake. Mhasibu anatarajiwa kukaa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mhandisi anasajiliwa na bodi ya wahandisi, daktari wa mifugo na Baraza la Veterinari, muuguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa udahili ni moja tu: bodi ya taaluma hii inawatambua wahitimu wa kozi hii, kutoka chuo hiki? Atakayejibu "usiwe na wasiwasi" bado hajajibu. Piga simu bodi yenyewe.

Kuhusu ithibati nitasema kwa ufupi, kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi na halina mjadala. Vyuo vikuu viko chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya cheti na stashahada, pamoja na ufundi stadi, viko chini ya NACTVET, ile iliyokuwa ikiitwa NACTE. Kila mwaka taasisi hizi hutoa mwongozo wa udahili wenye orodha ya vyuo, kozi zake na sifa za kujiunga, na kuusoma ni bure. Usitazame jina la chuo tu, tafuta jina la kozi. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku kozi unayotangaziwa haimo kwenye mwongozo. Mwaka 2017 TCU iliwahi kuvizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya mpaka virekebishe kasoro, na waliokuwa wameshafunga virago kwenda huko ndio waliohangaika.

Mwongozo ukiwa mkononi, linganisha na matokeo yako bila kujidanganya. Kwa shahada, kiwango cha chini kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafika hapo, na C na E zinafika hapo. Lakini hicho ni kizingiti cha mlango wa nje. Kila kozi ina masharti yake ya ndani, inataka somo fulani kwa alama fulani, na kozi zinazokimbiliwa huwachukua wenye alama za juu zaidi ya kiwango kilichochapishwa. Katika machaguo yako weka kozi unayoitamani sana, weka na unayoiweza kwa uhakika, na hiyo ya pili nayo iwe kozi unayoipenda kwa dhati, maana huenda ndiyo utakayoisoma.

Sasa nizungumze na watoto wa mlimani, wa Mgeta, Matombo, Kinole, Tegetero na kwingineko. Wengi wenu mnaona aibu kuchagua kilimo. Mmekua mkishuka na mizigo ya kabichi na karoti hadi barabarani, mkaona lori la mboga likikwama kwenye utelezi kabla halijafika Sangasanga, mkaona dalali akipanga bei mbele ya mama zenu. Mtoto wa namna hiyo akisikia neno kilimo anaona jembe, naye ameambiwa tangu darasa la kwanza asome ili alikimbie jembe. Nawaelewa kabisa. Lakini hebu tazameni kinachofundishwa pale SUA. Kuna sayansi ya chakula, kuna lishe, kuna uhandisi wa umwagiliaji, kuna teknolojia ya kuhifadhi mazao yasioze baada ya mavuno, kuna uchumi wa kilimo na biashara yake. Kabichi inayooza njiani kabla ya Sangasanga ni somo la chuo kikuu. Dalali anayempunja mama yako naye ni somo la chuo kikuu, liko kwenye masoko na ushirika.

Na elimu hiyo imeshapanda mlima kabla yenu. Mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway wanaofugwa Nyandira na vijiji vya Mgeta walifika huko miaka ya 1980 kwa kazi ya watafiti wa SUA, na leo kuna nyumba ambazo maziwa ya mbuzi yamelipa sare na ada. Aliyekulia kwenye nyumba hiyo anajua kuhusu mbuzi mambo ambayo mwenzake wa mjini ataanza kuyasikia mwaka wa kwanza. Huo ni mtaji. Usiutupe kwa kuwa tu rafiki zako wote wamejaza utawala wa biashara.

Simlazimishi mtu. Kama moyo wako uko kwenye sheria au ramani au watoto wadogo darasani, fuata moyo wako. Ninachokataa ni kijana kukimbia kozi kwa kuionea aibu, kisha akaishia kwenye kozi asiyoijua hata maana yake.

Kozi ikishapatikana, ndipo uanze kuvipima vyuo. Kuna njia moja ya kupima ambayo naona haitumiki vya kutosha, nayo ni kuuliza chuo kilianzishwa kwa ajili ya kazi gani. Vyuo hukua, hubadili majina na kuongeza kozi, lakini nguvu ya chuo mara nyingi hubaki pale kilipoanzia. SUA ilianza mwaka 1965 kama chuo cha kilimo cha kutoa stashahada, baadaye ikawa kitivo cha kilimo chini ya chuo cha Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 ikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari kule Dakawa mwezi Aprili mwaka huohuo. Ndiyo maana SUA ina mashamba, mabanda na msitu wa kufundishia. Vitu hivyo havinunuliwi kwa mwaka mmoja.

Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na wazee wengi waliokuwa maofisa wa serikali bado husema kwa fahari "nilisoma IDM". Mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Ukitaka utawala wa umma, rasilimali watu, ununuzi, uhasibu au sheria, unaingia kwenye nyumba iliyozoea kazi hiyo kwa miongo mingi. Jordan chimbuko lake ni nyumba ya watawa Wakatoliki Wasalvatoriani ya kufundishia falsafa na teolojia. Hili halina maana kwamba kozi mpya ni mbovu. Nyingine zina walimu vijana wenye ari kubwa. Maana yake ni kwamba kozi iliyoanzishwa juzi uichunguze mara mbili. Uliza wahitimu wake wa kwanza wako wapi sasa, na uwatafute.

Uliza pia ni kampasi ipi. Swali hili huonekana dogo hadi barua ya kujiunga inapofika. SUA ina kampasi Katavi, mbali kabisa na hapa, na Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar es Salaam. Hata ndani ya Morogoro, anayesoma ualimu wa sayansi SUA anaweza kujikuta Mazimbu, kwenye majengo ambayo wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC waliyajenga kuwa shule ya watoto wao, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, na mwaka 1992 yakakabidhiwa Tanzania. Ni mahali pazuri pa kusomea, pana miti na utulivu. Ila aliyepanga chumba karibu na kampasi kuu akidhani ndiko atakakosoma atalipa nauli kila siku.

Siku ya kwenda kutazama, chagua siku ya masomo. Wikiendi na siku za maonyesho chuo huvaa nguo za sikukuu. Nenda Jumatano, ufike saa tatu, jitambulishe getini kwa adabu, sema una kijana anayetaka kujiunga. Mara nyingi wataruhusu, na wakikataa omba kwenda ofisi ya udahili tu, nako njiani utaona ya kutosha.

Simama kwenye ubao wa matangazo usome ratiba. Ratiba iliyojaa alama za kalamu, vipindi vimefutwa na kuhamishwa, inaeleza habari za walimu waliopungua. Sogea kwenye maabara. Tazama kama meza zina watu na kama vifaa vina alama za kutumika, maana hadubini inayong'aa ndani ya kabati lililofungwa haijamfundisha mtu. Hesabu kwa macho ni wanafunzi wangapi wanaozunguka kifaa kimoja: wakiwa watano, kila mmoja atagusa; wakiwa arobaini, watano wa mbele wataona na waliobaki watanakili. Ingia maktaba uone kama viti vinakaliwa. Omba kwenda chooni. Uongozi unaojali choo cha wanafunzi, kwa uzoefu wangu, hujali na mambo mengine.

Kwa kozi za kilimo na mifugo, omba kuonyeshwa shamba. SUA wana shamba la Magadu, na pale utaona mwenyewe kama wanafunzi wanashika kazi au wanasimama pembeni na madaftari. Ni hapohapo SUA ambako shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Kijana anayependa sayansi akiona utafiti wa namna hiyo unafanyika mjini kwao, anaanza kuamini kwamba naye anaweza. Kwa kozi za afya, swali ni hospitali gani wanafunzi wanafanyia mazoezi, na wanakwenda kwa wiki ngapi kila mwaka. Kwa kozi za ofisini, uliza kuhusu mafunzo kwa vitendo, yale wanafunzi wanayoyaita fildi: chuo kinakutafutia nafasi, au unapewa barua ukahangaike mwenyewe? Mwalimu anakuja kukukagua huko, au anapiga simu tu?

Kisha kaa na wanafunzi. Si wale wa mwaka wa kwanza, ambao bado wana furaha ya kuchaguliwa, wala si kiongozi wa serikali ya wanafunzi aliyepangwa kuwapokea wageni. Tafuta wa mwaka wa mwisho kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti, umnunulie soda, umuulize pole pole. Matokeo hutoka kwa wakati? Wangapi wamepata sapu au wamedisko kwenye kozi yako, na kwa nini? Mwalimu akikosekana muhula mzima mnamwambia nani? Ungemleta mdogo wako hapa? Swali hili la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kukitetea chuo chake mbele ya mgeni, lakini akifikishwa kwa mdogo wake atasema kweli.

Tuje kwenye fedha, nazo zinataka tukae chini. Ada ya vyuo vikuu vya umma kwa kozi nyingi huzunguka kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Vyuo binafsi hupanga zaidi, na kozi za afya hupanda sana. Mzazi akiisikia namba hiyo huanza kuhesabu mbuzi au migomba, na anasahau yaliyobaki. Kuna bima ya afya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwanafunzi. Kuna 20,000 ya TCU kila mwaka. Kuna michango ya chuo, kitambulisho, godoro, ndoo, nauli, vifaa vya kozi, na simu au kompyuta ambayo sasa hakuna anayesoma bila hiyo. Kiombeni chuo mchanganuo kamili wa gharama za mwaka wa kwanza kwa maandishi, halafu mzidishe kwa miaka yote ya kozi. Udaktari wa mifugo ni miaka mitano. Miaka mitatu na miaka mitano si mzigo mmoja.

Kodi ya chumba ndiyo inayowaangusha wengi. Hosteli za chuo hazitoshi wote, kwa hiyo kijana hupanga geto mtaani, na wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Bumu la Bodi ya Mikopo, kwa anayelipata, katika miaka ya karibuni limekuwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa ajili ya chakula na malazi, na haliji siku ya kwanza. Kijana aende na fedha za kuishi walau miezi miwili. Kama familia haina, hilo lizungumzwe mwezi Julai wakati bado kuna njegere shambani, lisingoje Oktoba.

Kuhusu mkopo wenyewe, jambo linalowakwamisha watoto wa vijijini ni makaratasi kuliko kitu kingine chochote. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na watoto wengi wa milimani hawana cheti hicho kabisa. Wengine wanacho, ila jina limeandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine kwenye cheti cha kidato cha nne: huku Shabani, kule Shaban, huku jina la babu, kule la baba. Tofauti ya herufi moja inaweza kurudisha maombi. Yatima anahitaji vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa. Aliyetoka kaya ya TASAF aende na namba ya kaya. Fomu inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na mdhamini mwenye kitambulisho cha NIDA. Mtoto akiwa kidato cha tano, anzeni kuyatafuta haya. Mvua za masika zikikata barabara ya kijijini, mhuri wa mtendaji unakuwa mbali kama Ulaya.

Na mkopo ni deni. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika. Mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi mpaka deni liishe. Hilo lisikutishe usikope, kwa sababu bila mkopo watoto wengi wa wakulima wasingesoma kabisa. Likufanye uchague kozi ambayo uko tayari kuilipia kwa jasho lako mwenyewe. Waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi waulizie pia ufadhili wa Samia, unaotolewa tangu mwaka 2022.

Sasa kwa wale ambao pointi hazikutosha, na kwa wa kidato cha nne ambao hawakupangiwa kidato cha tano. Ninyi ndio mnaoniuma zaidi, kwa sababu mnaambiwa mmefeli. Njia ya cheti na stashahada iko wazi, na kwa kazi nyingi za mkoa huu ndiyo njia bora. Mwenye stashahada ya afya ya mifugo kutoka LITA ndiye anayeitwa usiku ng'ombe akishindwa kuzaa kule Mvomero. Mwenye stashahada ya kilimo kutoka Ilonga ndiye bwana shamba wa kata. Hao wana kazi za mikono na akili ambazo watu wanazihitaji leo, na waliojifunza VETA kufunga umeme au kutengeneza matrekta wengi wao wanakula jasho lao wakati wenye shahada wanasubiri usaili. Na mlango wa shahada haujafungwa: anayemaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba chuo kikuu, akiwa tayari anajua kazi. Tangu mwaka 2023 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha hata wa stashahada, katika fani za kipaumbele kama afya, kilimo na mifugo. Kama mtoto wako ana C na D za kidato cha nne, usimrudishe darasani kurudia mtihani mara ya tatu kabla hujampeleka akatazame karakana moja.

Kwa Waluguru, uamuzi wa mtoto haujawahi kuwa wa baba peke yake. Ardhi inapita kwa mama, mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na mjomba ana neno. Nafurahi kwamba ni hivyo, maana mjomba mmoja mwenye busara ameokoa masomo ya wengi. Lakini kikao cha ukoo kikikaa kujadili kuuza au kukodisha shamba kwa ajili ya chuo, kijana mwenyewe awepo, aseme kozi gani, miaka mingapi, gharama gani, na ameviona vyuo gani. Wajomba wamuulize maswali magumu. Akishindwa kuyajibu, shamba lisubiri.

Na binti asizuiwe kwenda mbali kwa sababu ni binti. Kama hofu ni usalama, basi usalama uchunguzwe kama tunavyochunguza ada: hosteli ina mlinzi, njia ya kutoka maktaba usiku ina taa, kuna dawati la jinsia, na malalamiko dhidi ya mwalimu yanapokelewa na nani? Chuo kinachojibu maswali haya bila kukasirika kinafaa kukabidhiwa mtoto wa mtu. Mama aende naye akaone chumba.

Maombi ya shahada hutumwa moja kwa moja kwenye chuo husika, na ada ya maombi hulipwa kwa kontro namba. Mtu yeyote anayekuambia umtumie kwenye simu yake ili "akusaidie nafasi" ni kishoka, hata kama anamjua mkuu wa chuo. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja utapokea ujumbe wenye namba ya siri ya kuthibitishia kimoja, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi. Namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe yako au ya mtu anayeishi penye mtandao. Wapo waliopoteza nafasi kwa sababu laini ilikuwa ya mwenye steshenari, au ya mjomba aliyekuwa shambani bondeni kwa wiki nzima.

Siku ya kuripoti, beba vyeti halisi na nakala zake, uviweke kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Wiki za kwanza hudhuria kila kipindi. Ukiona kozi siyo, nenda ofisi ya udahili mara moja uulize utaratibu wa kuhama, maana dirisha la kuhama kozi au chuo hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa muda mfupi, na ni lazima uwe na sifa za kozi unayohamia. Kama una mkopo, pita pia kwa ofisa mikopo wa chuo, umwambie kabla hujasaini chochote.